Mianya ya Mawe ya Mazeras na Namna ya Kuiziba

Mpenzi msomaji, bila shaka unapofungua ukurasa huu unatarajia insha nyingine kuhusu faida na madhara ya simu ya mkononi. La hasha! Leo kalamu yangu inakupeleka sakafuni. Nataka kukueleza jinsi ya kuziba mianya iliyo baina ya jiwe na jiwe, sakafuni na ukutani, hasa pale ambapo kingo za mawe hazikunyooka. Usicheke. Mwalimu wetu hupenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi huiandika methali hiyo katika kila insha tukitafuta alama. Mimi nimeziba kwa mikono yangu miwili, nikaziba vibaya, na ikabidi tubomoe. Kwa hivyo nina haki ya kusema.

Kwanza tuyajue mawe yenyewe. Sisi tunaokaa upande huu wa Mazeras, Rabai na Mariakani tumeyaona tangu utotoni, na pengine ndiyo sababu hatuyatazami. Malori huyapakia na kuyapeleka mbali, yakawa baraza za watu, vijia vya bustani, kuta za mahoteli na mahali pa kuegesha magari. Ni mawe ya mchanga, yaani punje za mchanga zilizoshikana kwa mamilioni ya miaka, nayo wanajiolojia huyaweka katika jamii moja na mawe mengine ya nchi ya Waduruma. Yamekaa tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa. Mchimbaji akiingiza tindo mahali panapofaa na kugonga, tabaka huachana, naye akapata bamba bapa la kupendeza la manjano, la kijivu au la hudhurungi. Lakini pembeni bamba hilo halimtii mtu. Hukatika linavyotaka lenyewe: huku limeingia, huku limetokeza, huku ni nene kama kamusi, huku ni jembamba kama daftari.

Vigae vya kiwandani havina taabu hiyo kwa sababu vyote ni mapacha. Fundi huweka visalaba vidogo vya plastiki baina ya kigae na kigae, mwanya ukawa milimita 2 au 3 tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha hupaka grauti, ule unga wa simiti wenye rangi unaouzwa kwa pakiti madukani na kukorogwa kwa maji, akafuta kwa sponji, kazi ikaisha. Mawe ya Mazeras nayo, mwanya mmoja huanza na upana wa penseli ukaishia na upana wa kiberiti. Fundi anayeutendea mwanya huo kama wa kigae amejitafutia balaa. Mwanya wa mawe kama haya ni sehemu ya sakafu, hukanyagwa kama jiwe linavyokanyagwa, na kwa hivyo lazima utengenezwe. Kupakwa hakutoshi.

Haya niliyajua baadaye. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Likizo ya Aprili nilikwenda kumsaidia mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ni fundi wa mawe kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa amepata kazi ya baraza na ukuta wa bafu katika nyumba ya bwana mmoja. Makubaliano yalikuwa nusu ya pesa kabla ya kazi na nusu baada ya kazi. Katika hiyo nusu ya pili ndimo mlimokuwa na pesa zangu za chakula cha mchana za muhula wa pili, maana mama alikuwa ameugua tangu Februari na biashara yake ya maharagwe ya nazi na mahamri ilikuwa imesimama. Basi nikaenda, nikabeba maji, nikachekecha mchanga. Wapita njia waliniuliza, "Wewe binti, mwiko huo wa ujenzi au wa ugali?" Nikawaachia Mungu.

Mjomba aliyapanga mawe ya baraza kwa siku tatu. Siku ya nne ilikuwa ya kujaza mianya. Asubuhi akanionyesha, tukafanya pamoja kama robo ya kazi, kisha akapigiwa simu kwamba mbao za kazi nyingine zimefika na anatakiwa akazipokee. Akaniambia, "Mwanangu, koroga kidogo kidogo. Kikishika, tupa." Akaenda.

Mimi kwa kutaka kumfurahisha nikakoroga karai zima. Nikajaza, nikajaza, jua la saa sita likanishika kichwa, nikaenda kula. Niliporudi mchanganyiko ulikuwa umekazana karaini. Nikaukumbuka usemi wa Mjomba, lakini nikatazama simiti ile, nikakumbuka bei ya mfuko wa kilo 50, nikaona kutupa ni dhambi. Nikamwaga maji, nikakoroga kwa nguvu, ukalainika tena. Nikafurahi! Na kwa kuwa sasa ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, sikuona haja ya kuingia mwanya mmoja mmoja. Nikaumwaga juu ya mawe, nikausambaza kwa kitambaa kama nilivyomwona fundi wa vigae akifanya. Jioni Mjomba alikuta kazi imekwisha. Palikuwa na giza, akanisifu.

Baada ya wiki mbili mwenye nyumba alituita. Nyufa nyembamba zilikuwa zimepita katikati ya mianya karibu yote ile niliyoijaza mchana, na penginepo ukikwaruza kwa kucha unatoka unga. Pale pembezoni mwa mawe, ambapo nilikuwa nimepaka simiti juu ya kingo ili zionekane zimenyooka, ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki. Na mawe yenyewe, yale ya manjano mazuri, yalikuwa na ukungu wa kijivu kama midomo ya mtoto aliyekunywa uji. Yule bwana hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nusu iliyobaki hatatoa hadi aone sakafu. Mjomba aliinama akatazama, akasema, "Nitarudia." Hakunitaja.

Usiku ule sikuweza kula. Nilimweleza yote, la karai na la maji. Mjomba akaendelea kutafuna. Halafu akasema, "Nilijua pale pale. Simiti iliyofufuliwa ina nyufa zake." Kisha akaniambia kwamba Jumamosi tutaanza kubomoa, na safari hii ataniuliza maswali.

Taib, msomaji wangu, hebu tuone maswali hayo.

La kwanza lilikuwa: kwa nini mchanganyiko uliofufuliwa hupasuka? Watu wengi hudhani simiti hukauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Simiti hushikana kwa kuungana na maji, na muungano huo huunda fuwele ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo hukumbatiana. Ukimwaga maji na kukoroga baada ya kazi hiyo kuanza, unavunja fuwele zilizokwisha kuundwa, na kilichobaki hakina nguvu ya kwanza. Isitoshe, simiti ina kiwango chake cha maji inachohitaji. Yaliyozidi hayana kazi. Hutoka kama mvuke na kuacha vitundu, mchanganyiko ukanywea. Sasa unanywea huku umeshikwa na mawe kulia na kushoto, utakwenda wapi? Utapasuka katikati.

Na hapo ndipo upana unapokuja. Ukinywea kidogo katika mwanya wa milimita 3 hakuna atakayeona. Kiasi kile kile katika mwanya wa milimita 30 ni mara kumi, nao ufa utauona ukiwa umesimama. Dawa yake ni mchanga. Mchanga haunywei. Punje zake hukaa kama mifupa, simiti ikawa nyama ya kuishikamanisha. Ndiyo maana grauti isiyo na mchanga ni ya mianya membamba tu, isiyozidi milimita 3. Mwanya ukifika upana wa penseli, Mjomba huchanganya kikombe kimoja cha simiti kwa kimoja cha mchanga laini sana, uliopita katika wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Ukifika upana wa kidole, kimoja kwa viwili. Ukizidi hapo, kimoja kwa vitatu, na mchanga uwe na punje kubwa kidogo. Ukifika upana wa kiberiti, usijaze kabisa kabla ya kuweka kipande cha jiwe katikati. Katika baraza lile tulikuwa na makopo matatu yenye michanganyiko mitatu, na kila mwanya ulipewa chake. Mwanya ulioanza mwembamba na kuishia mpana ulijazwa kwa mchanganyiko wa upande wake mpana, ila punje zikikataa kuingia kwenye ncha, ile ncha tu hupewa ulio laini.

Mchanga huo usitoke ufukweni, na maji yasiwe ya chumvi. Huku kwetu jambo hili ni tatizo kubwa kwa sababu visima vingi maji yake yanakata ulimi. Chumvi huyeyuka, hupanda juu pamoja na unyevu, na maji yakitoka hubaki kama unga mweupe juu ya mianya. Mwenye nyumba atausugua leo, na wiki ijayo utarudi. Sisi tulitumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Sharti niseme kwamba hata simiti yenyewe hutoa weupe wa aina yake ikilowa sana ingali changa, lakini huo ukisuguliwa na brashi kavu hupungua.

Kazi ya kubomoa ilituchukua Jumamosi nzima. Tulikwangua mianya kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, polepole, maana ukigonga kwa hasira ukingo wa jiwe hukatika na mwanya ukazidi kuwa mpana. Tulishuka hadi kina cha sentimita 2 hivi, tukafagia, tukapuliza vumbi kwa bomba la baiskeli. Vumbi likibaki, simiti hushika vumbi badala ya jiwe. Palipokuwa na mwanya mkubwa, Mjomba alichagua kipande cha jiwe la rangi ile ile, akakichonga kidogo, akakibana ndani kwa simiti ili pande zake zibaki na mianya ya kawaida.

Kisha tukayanywesha mawe maji. Mawe ya Mazeras yana kiu! Ukiyajazia simiti yakiwa makavu, yatanyonya maji yote ya mchanganyiko, nao utakosa maji ya kuundia zile fuwele nilizozitaja. Utakuwa unga. Kwa hivyo tulinyunyiza usiku, tukanyunyiza tena asubuhi, tukangoja hadi uso wa jiwe uwe mbichi bila dimbwi. Dimbwi nalo lina hatari yake, maana litaongeza maji kwenye mchanganyiko na tutarudi kule kule kwenye uji wa mgonjwa.

Sasa namna ya kujaza. Kigae kina uso laini kama kioo, grauti ikipakwa juu hufutika. Jiwe la mchanga lina vitundu, na simiti ikiingia vitunduni haitoki tena. Ndiyo sababu ya ule ukungu wa kijivu niliouacha. Mchanganyiko lazima uingie mwanyani bila kugusa uso wa jiwe, na kwa hili mafundi walikuwa wakitumia mfuko wa nailoni uliokatwa pembe, wanauminya kama anayepamba keki. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo Mjomba alikata mguu wa koti lake la zamani la mvua, akaushona kuwa faneli yenye mdomo wa upana wa kidole. Kitu hicho kinafanya kazi vizuri kuliko mfuko, na kinaoshwa. Kwa mfuko mchanganyiko uwe kama dawa ya meno. Ukiubana unatoka, ukiuacha unasimama. Kwa mianya mipana ambayo unasukuma kwa mwiko mwembamba, uwe mkavu zaidi: ukifinya kiganjani unapata kibonge kisichobomoka wala kutoa maji.

Tulianza chini kabisa ya mwanya, tukajaza polepole hadi juu, tukashindilia kwa kijiti ili hewa isibaki. Kila mara tulikoroga kiasi cha kutumia kwa nusu saa hivi. Safari hii kilichoshika nilikitupa mimi mwenyewe, tena bila kuambiwa.

Halafu kuna kungoja, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mjomba hujaribu kwa dole gumba. Kidole kikiacha alama na kutoka safi, ni wakati. Kikitoka na simiti, ngoja. Kisipoacha alama, umechelewa. Katika jua letu wakati huo huweza kufika kabla hujamaliza baraza, kwa hivyo usijaze eneo kubwa. Wakati ukifika unapitisha kitu cha mviringo juu ya mwanya ili kuukandamiza na kuulainisha. Wengine hutumia kipande cha bomba. Mjomba hutumia mkono wa ndoo ulioachana na ndoo yake, na anauthamini kuliko simu. Kukandamiza huku hakufanywi kwa urembo tu. Hufunga vitundu vya juu na kusukuma simiti ishike kingo.

Kuhusu kingo zenyewe, naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi. Ukingo wa jiwe la Mazeras mara nyingi umemeguka juu, yaani umelala kama mteremko kabla ya kushuka wima. Jicho linakushawishi ujaze hadi juu ya ule mteremko ili mstari unyooke. Ukifanya hivyo, pale pembeni simiti itakuwa nyembamba kama ganda la yai, na ganda la yai halikanyagwi. Ndiyo yale magamba ya samaki niliyoyaeleza. Mjomba alinifundisha kuushusha mwanya hadi pale ambapo ukingo umeanza kushuka wima, hata kama utakuwa chini ya uso wa jiwe kwa milimita kadhaa, na hata kama mstari utapinda kama nyoka. Na jiwe moja likiwa juu kuliko jirani yake, mwanya hufuata lile la chini. Tofauti hiyo ya urefu haitibiwi na grauti. Ilitakiwa itibiwe wakati wa kupanga, kwa kuongeza au kupunguza udongo wa chini. Katika baraza letu palikuwa na jiwe moja la namna hiyo ambalo watu wangejikwaa. Tuliling'oa tukalilaza upya.

Kusafisha tulianza kwa brashi kavu, baadaye sponji iliyokamuliwa hadi haitoi tone, ikapitishwa kwa kukata mwanya mshazari. Ukiifuata njia ya mwanya utauchimba. Maji ya ndoo tuliyabadilisha hadi mgongo ukaniuma.

Kisha tukafunika kwa magunia mabichi. Hapa mwenye nyumba alishangaa. "Mbona mnalowesha tena? Si mnataka ikauke?" Nikamjibu mimi, kwa heshima, kwamba simiti hainywi maji siku moja ikashiba, huendelea kuungana nayo kwa siku nyingi, na wajenzi huhesabu siku 28 kabla ya kusema imefikia nguvu yake. Magunia yalikaa siku saba. Watu wa nyumbani walipitia mlango wa jikoni, na mtoto wao mdogo alinichukia waziwazi kwa kumnyima baraza lake.

Yale mawe yenye ukungu wa kijivu, je? Yule bwana alikuwa amesikia kwamba asidi huondoa simiti kwa dakika moja, na akawa tayari kuinunua. Mjomba alikataa. Mwanafunzi mwenzangu, kumbuka maabara yetu: asidi ya haidrokloriki tukiimwaga juu ya vipande vya marumaru hutoa povu, na ile gesi hugeuza maji ya chokaa kuwa maziwa. Simiti nayo huliwa na asidi hiyo hiyo. Punje za mchanga za jiwe la Mazeras hazitadhurika sana, lakini mianya mipya tuliyoitolea jasho ingeliwa. Na kama mawe yenyewe ni ya marumaru au ya matumbawe, asidi itayala pia mbele ya macho yako. Pamoja na hayo huchoma mapafu na ngozi. Tuliyasugua yale mawe kwa kipande cha jiwe la aina hiyo hiyo na maji kidogo, jiwe kwa jiwe, siku mbili. Mengi yalirudi. Manne hayakurudi, tukayageuza tumbo juu!

Ukuta wa bafu haukuwa na kosa langu, kwa hivyo sitakaa hapo sana. Mchanganyiko wa ukutani uwe mkavu kuliko wa sakafuni usije ukateleza. Huanzwa juu kwenda chini, ili matone yasichafue sehemu iliyokwisha safishwa. Katika pembe, pale ukuta unapokutana na sakafu, simiti isitumike kabisa, maana kuta na sakafu husogea kidogo kila moja kivyake, na simiti haijui kusogea. Huwekwa silikoni, ambayo hunyumbuka.

Mchana mmoja tukipumzika Mjomba alinieleza kwamba mafundi wa zamani wa pwani hii hawakuwa na simiti, na mawe yao yalikuwa mabaya zaidi kwa kingo. Ukienda Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au katika nyumba za mji wa kale wa Lamu, utaona kuta za matumbawe yasiyo na umbo. Waliyashikanisha kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo, na penye mianya mikubwa walibana vijiwe vidogo. Kumbe vipande tulivyokuwa tukivibana katika baraza ni ujuzi wa karne nyingi! Chokaa ni laini kuliko simiti, na kwa mawe laini hiyo ni sifa, kwa sababu ukuta ukisogea huumia chokaa, nayo huzibwa upya. Ukizibia matumbawe ya kale kwa simiti ngumu, simiti hubaki nzima na jiwe ndilo linalobomoka. Ndiyo maana mtu hafai kuchukua karai la simiti akaenda kutengeneza ukuta wa kale kwa nia njema. Jiwe la Mazeras ni gumu kuliko tumbawe, lakini hata kwake Mjomba hapendi simiti iliyozidi.

Jambo jingine dogo. Simiti mbichi hula ngozi. Mara ya kwanza sikuvaa glavu, na vidole vyangu vilipasuka hata nikashindwa kushika kalamu wiki ya kwanza ya muhula. Mwalimu wa hesabu alidhani ni uvivu.

Muhula wa pili nilianza nikiwa na deni la chakula. Wiki mbili nilikula mahamri niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikiketi nyuma ya maabara ili nisiulizwe. Wiki ya tatu yule bwana aliyaondoa magunia ya mwisho, akamwaga ndoo nzima ya maji barazani, akatembea juu yake bila viatu huku akitazama chini. Aliinama mara mbili akakwaruza kwa ufunguo. Kisha akaingia ndani, akatoka na pesa zote zilizobaki. Mjomba alihesabu zangu pale pale, akanipa, akachukua mkono wake wa ndoo na kuufunga katika kitambaa.

Baraza lipo, na juzi nilipita nikaliona. Mianya imepinda kama nyoka kweli, na karibu na ngazi kuna ufa mmoja mwembamba kama unywele katika mwanya mpana ambao tulisahau kuuwekea kipande cha jiwe. Mjomba amesema ataukwangua likizo ya Agosti. Mwanachama yeyote wa chama anayetaka kujifunza kutumia ule mguu wa koti la mvua anitafute kidato cha tatu wakati wa chakula cha mchana. Aje na glavu zake.